Weka N, Subiri

Tangu Jumatano hatusemezani, ila "chumvi" na "zima taa".
Leo Jumapili Kerubo kavaa ovaroli yangu ya chuo cha ufundi,
kaikunja miguu mara tatu,
kaninyoshea kiganja: ufunguo.

Hapana. Kumbe alikuwa ananipa, si kuuomba.
Nikaelewa. Nikazungusha gari hadi Mutindwa na kurudi
ili mafuta yapate moto, maana yakiwa baridi
hujibana ndani kama mdeni aliyesikia hodi.

Njiani lilifanya yale yale:
ukitia D linatafakari kwanza,
halafu linaruka, gu,
kama mtu aliyetajwa jina katikati ya mahubiri.

Dalali aliyetuuzia alikula kiapo:
"Mafuta ya giaboksi ni ya maisha, mama. Hayaguswi."
Kerubo, anayeuza vipuri Barabara ya Kirinyaga mwaka wa tisa sasa,
alimtazama tu.
Maisha ya nani, akauliza. Ya gari au yako?

Jeki. Stendi mbili. Mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma.
Wekhomba, bawabu wa ploti, alikuja kutukumbusha
kwamba mkataba haukubali gereji uani.
Alipoona miguu iliyochomoza ni ya nani
akakumbuka pampu ya maji.

Mimi niko kwenye usukani. Kazi yangu ni kutogusa kitu.
Nasikia spana ikilia mara moja, kri, kisha kimya,
kisha mchirizi kwenye karai,
na harufu ya maandazi yaliyosahauliwa motoni.
Nikashuka kuchungulia.
Yanapaswa kuwa mekundu, ya kuonea upande wa pili.
Haya meusi. Na kwenye sumaku ya bolti
unga wa chuma, laini, wa kijivu, kama wanja.
"Meno yanasagika," alisema.
Niliyahesabu: maneno mawili.

Akapima yaliyotoka kwa chupa za soda:
lita tatu na robo. Yanarudi hayo hayo, tone lisizidi.
Wosha mpya ya shaba, shilingi thelathini.
Faneli, mpira, tundu la kijiti cha kupimia,
na mimi nimeinamisha kopo, mkono unatetemeka,
nikisema (naliambia kopo, si yeye):
zile elfu sitini nilimpa Nzioka kwa sababu alilia.
Ningekuambia kwanza.

Hakujibu. Alipangusa spana kwa kitambaa,
akaipangusa tena, ikiwa tayari safi.

"Piga stati. Kanyaga breki. Weka P."
P.
"R. Hesabu hadi tano."
Nikahesabu.
"N. Subiri."
Nikasubiri. Kwenye kanisa la mabati nyuma ya ploti
mtu alikuwa akijaribu maiki, moja mbili, moja mbili,
hafiki tatu.
"D."
Halikuruka. Au liliruka kidogo, sijui,
nilikuwa nimezuia pumzi.

Alitoka chini kwa mgongo, doa jekundu shavuni,
akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha,
akakichomoa tena na kukisoma juani.
"Yaliyotoka ni nusu," akasema. "Nusu imebaki kwenye konveta.
Kule hakuna bolti. Hayatoki kwa siku moja.
Tutaliendesha, mwezi ujao tumwage tena,
na mwezi wa pili tena, mpaka rangi irudi."

"Na zile elfu sitini?"

"Nimesema mwezi ujao."

Yale meusi tuliyatia mtungini.
Ayuma wa mbao huyapaka nguzo zake; mchwa hawayapendi.
Kerubo alijimwagia sabuni ya unga na sukari mikononi,
akasugua hadi kwenye viwiko, povu likageuka lami,
na jagi lilikuwa pale, karibu naye kuliko mimi.
Akanyosha mikono yote miwili upande wangu.
Nimmwagie.