Hesabu ya Wikio

Umeuliza, Bwanaheri, kwa sauti uliyoituma
kutoka Jeddah baada ya tarawehe:
pesa za nyumba zimekwenda wapi?
Keti, basi. Daftari ninalo,
lile la mistari ya mraba, lenye doa la mafuta ya taa.

Kwanza ilikuwa kuthibitisha kwamba Mama amekufa.
Sisi tuliomwosha tulijua.
Serikali ilikuwa haijui,
na kuijulisha ni nauli za Mokowe, kwenda na kurudi,
na kiapo, na mhuri, na karani aliyetoka kunywa chai.
Kisha kadhi akagawa mafungu:
wewe mawili, Shee mawili, Rukia moja, mimi moja.
Sikunung'unika, ni sheria ya Mola;
ila ada ya wakili
tulichanga sawasawa.

Wakili aliposema "upekuzi" nilidhani tumeshukiwa wizi.
Kumbe ni faili kupekuliwa masjala,
ionekane kama yuko mwingine anayeidai nyumba.
Hakuwepo. Walikuwepo mchwa tu,
wameanza na herufi ya kwanza ya jina la Mama.

Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, alhamdulillahi.
Kodi ya faida ni yetu.
Nikauliza, faida gani, nyumba aliyopewa bi harusi?
Wakasema: toa bei ya zamani kwenye bei ya leo.
Bei ya zamani hakuna aliyeiandika.
Wakaandika sifuri.

Ndipo akaja mpimaji na utepe wake wa chuma.
Akapima daka, akapima msana, akahesabu zidaka
ingawa nilimwambia hazilipiwi.
Juu, akafungua mlango wa mashariki
akajikuta amesimama katikati ya hewa,
punda wanapita chini ya viatu vyake.
"Hiki chumba ni cha nani?"

Umesahau wewe. Wanaume hupita mlango wa chini.
Sisi ndio tuliovuka wikio
na sufuria ya mchuzi, na mtoto mwenye homa.
Usiku ule Mama alipozidiwa
Bi Mwanasiti alifika miguu mitupu, bila buibui,
kabla sijamaliza kuliita jina lake.
Boriti zina kichwa kimoja ukutani kwetu, kimoja kwao.
Lakini ramani haina wikio. Ina kichochoro,
na kichochoro ni cha kaunti,
na hewa iliyo juu ya kichochoro
wakili hakujua ni ya nani.
Kutojua kwake kulikuwa na bei.
Nimeiandika, ukurasa wa saba.

Miezi mitatu. Mnunuzi akatishia kudai amana yake.
Nikavuka na karatasi: Bi Mwanasiti atie dole gumba
kwamba chumba ni chao, mlango upande wetu uzibwe.
Aliitazama, miwani ikiwa kichwani.
"Nyanyako na nyanyangu walitumia chokaa moya.
Hawakuandikiana."
Nikamuuliza atataka nini kwa usumbufu;
wakili ndiye aliyenituma niulize.
Akacheka, kisha akaacha.
"Usizibe mwango hata Idi ipite."

Kwa hiyo gharama ya mwisho ni ya fundi Famau,
mawe, chokaa, na posho ya siku.
Alianza siku ya pili baada ya Idi.
Limebaki tundu la jiwe moja,
mkono ukapenya kutoka upande wa pili
na sahani ya kaimati, imefunikwa leso.
Nikaipokea. Famau akangoja, mwiko mkononi,
chokaa ikaanza kumkaukia.
Alitoza siku mbili. Iko humo.

Funguo ninakabidhi Jumatatu.
Sahani bado ninayo.
Kuirudisha ni kushuka ngazi, kuzunguka msikiti,
kupiga hodi.
Sijawahi kumpigia hodi.

Tuma tena nambari ya akaunti.
Uliyoituma imepungua tarakimu.