Mdaiwa wa Birere

Katika daftari langu la madeni
mvua ana ukurasa wake.
Februari: mifuko saba ya simenti.
Aprili: mitatu, na mmoja nusu.
Simenti ikilowa hugeuka jiwe,
na jiwe, hapa Goma, nani atalinunua?
Volkano ilishatugawia bure.

Habamungu aliegemeza chukudu mlangoni,
akanionyesha simu: "Mama Kavugho,
ujumbe kila alfajiri, faranga mia."
Mia! Bei ya andazi,
kwa habari za mawingu ninayoyaona mwenyewe?

Nikalipa.
Alhamisi ujumbe ukasema:
mvua saa tisa, sita kwa kumi.
Nikakataa mzigo, nikafunika turubai,
nikaketi nalitazama jua
likiwaka hadi magharibi
na jirani akiuza, akiuza, akinicheka.
Nikaandika: Alhamisi, hasara, nne kwa kumi.

Jumanne ukasema tisa kwa kumi.
Jirani alicheka tena,
mpaka saa nane na nusu.

Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kuniuliza,
"Simu imesemaje?"
Namwambia. Sijui kwa nini sijamtoza
hata nusu andazi.
Labda ni yale mawe yake mlangoni,
yamebaki na umbo la mifuko,
hata mikunjo ya karatasi.