Taa ya Kushoto

Tangu Muheza niko nyuma yako,
wewe wa semi-trela yenye saruji ya Pongwe,
mimi na kirikuu changu na magunia kumi na moja ya machungwa,
nakunywa moshi wako kama mgonjwa anayefukizwa.
Jina lako silijui. Najua bampa lako,
limechomelewa upande mmoja, na kwa rangi nyekundu
mtu ameandika: NISALIMIE NYUMBANI.

Nikachungulia. Indiketa yako ya kulia ikaamka.

Mwalimu Mhina, shule ya udereva Chumbageni,
alitufundisha kwa chaki na kigari cha plastiki:
taa ya kulia, gari linakwenda kulia.
Wewe hukwenda kulia.
Ulikaa kwenye njia yako kama nyumba ya mawe,
ukipepesa tu, ukipepesa,
maana lami ina sarufi yake
na kulia, kwa sarufi hiyo, ni: Bado, bado.
Hata sijamaliza kukusonya, basi la kutoka Arusha
likaja limejaza barabara. Upepo wake
ukakipiga kirikuu kofi, gunia likalalia gunia.

Mume wangu Mngoya hawashi indiketa.
Husema, ukitangaza uendako
unawapa watu nafasi ya kukuzibia.
Hivyo hivyo ndivyo alivyohamia Handeni.

Tukaipita Segera. Mkonge kulia, mkonge kushoto,
kilima kinaanza, saruji inakuelemea,
na sasa umewasha kushoto.

Kushoto ni neno lenye maana mbili, kama "haya".
Ni "pita, huku mbele peupe",
au ni mtu anakunja zake kuingia shambani
wala hana habari na wewe.
Kaka yangu Ngoda aliisoma vibaya, mwaka ule wa mvua kubwa.
Mwenye taa hakumwahidi kitu.
Alikuwa akizungumza na mkonge.

Basi nikakusoma mara ya pili, polepole,
kama barua ya benki.
Taa za breki hazijawaka. Njia ya shamba hakuna.
Tairi zako za kushoto zinakanyaga ukingo,
zinanigawia lami shubiri moja.
Na mstari, nimeutazama, umekatika.
Nikarudisha gia ya tatu. Nikawasha kulia,
ingawa nyuma yangu yuko bodaboda mmoja tu
mwenye trei za mayai,
lakini naye ni mtu, na mayai ni mayai.
Honi moja fupi. Bismillahi.

Matairi yako ni mengi. Niliyahesabu yote.
Kisha kiwiko chako dirishani, shati la kijani,
unatafuna karanga, huna deni na dunia.

Sikukukatia mbele. Nilingoja hadi kioo
kikanionyesha taa zako zote mbili, pamoja na grili
na kitambaa ulichofunga kwenye grili,
ndipo nikarudi upande wangu, ndipo nikakushukuru
kwa desturi: kushoto, kulia, kushoto, kulia.
Ukaniwashia taa kubwa, mara moja.

Nakaribia daraja la Hale ndipo nakumbuka
taa yangu ya nyuma, ya kushoto, imeungua tangu Shaabani.
Kumbe ahsante yangu ilikufikia nusu,
kulia tu, kulia tu:
bado, bado.
Nawe ukaitikia.

Na huyu wa mayai naye amekupita, amenifikia,
anachungulia begani kwangu. Mbele peupe,
nami sina taa ya kumwambia pita.
Nikashusha kioo. Nikatoa mkono mzima nje,
hadi kwapani, nikaupunga: haya baba, haya.
Akapita na mayai yake.
Hakuwasha kitu.