Dakika ya Sitini na Mbili

Kazi yangu ni kuchana tikiti na kufagia bisi
katika sinema pekee iliyobaki Kajaani,
mji wa theluji na kiwanda cha karatasi kilichofungwa.
Maoni yangu hayana bei.
Nasema tu niliyoyaona mlangoni.

Novemba tulimleta Urho Vaskela.
Si mwenyewe: uso wake, upana wa mita tisa.
Urho yule yule aliyevunja gitaa saba usiku mmoja,
ambaye mama zetu walizima redio akitajwa
nasi tukaiwasha chini ya blanketi.
Watu walikuja na fulana zake za zamani,
zimewabana kama ngozi ya soseji.

Taa zikazimwa. Urho, miaka sabini na minne,
anamenya viazi.
Anamenya viazi dakika kumi na moja.
Hakuna muziki. Kisu, ganda, maji, kisu.
Nyuma yake ndugu yake amelala, amepooza,
anauliza leo siku gani,
anaambiwa, anauliza tena.

Ukumbini, kwanza ilisikika bisi ikitafunwa.
Kisha mguno.
Kisha kiti,
na viti vyetu, jamani, kimoja kikilia
vyote hupata habari.

Dakika ya sitini na mbili Urho anatoa meno,
anayatia kwenye glasi,
anatutazama.
Hapo ndipo walipomiminika kama maji ya bomba lililopasuka.
"Pesa zangu!" alifoka Oiva, fundi wa lifti,
koti la ngozi, zipu haifungi tena tangu mjukuu wa pili.
"Nimekuja kumwona simba
naonyeshwa paka anayelamba kisahani!"

Hilkka hakutoka. Taa ziliwaka, yeye yupo.
Nikafagia nikimzunguka.
Alimuuguza mumewe miaka sita, mji mzima unajua.
"Viazi anavimenya vibaya," alisema.
"Nusu anaitupa."
Nilikuwa nimefika safu ya tatu aliposema tena:
"Hata mimi, mwaka ule, nusu niliitupa."

Dada wawili, Taimi na Sylvi, walikuja kwa gari moja,
mmoja akarudi kwa teksi.
Mchungaji alisema hii ni filamu ya kidini;
hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.
Gazeti liliipa nyota moja Alhamisi,
Jumamosi mwandishi mwingine akaipa tano,
Jumapili wakachapisha mapishi ya viazi.
Wanafunzi walicheka, wakanyamaza,
wakacheka kwa sababu wamenyamaza.

Mimi? Nimeiona kwa ufa wa mlango, vipande vipande:
mwanzo wa Jumatatu, katikati ya Ijumaa.
Ukiniuliza ni nzuri, nitakuuliza ipi.

Jumatano Oiva akarudi. Akalipa.
Dakika ya sitini na mbili akatoka, akafoka.
Ijumaa vilevile.
"Mbona unarudi?"
"Nahakikisha."

Siku ya mwisho nilishika kitasa mapema,
nimfungulie kama mtu anavyosubiri treni ya saa yake.
Meno yakatoka. Glasi ikalia.
Mkono wangu ukapata baridi ya chuma.
Nikachungulia:
Oiva ameketi, mdomo umefungwa,
ulimi unatembea ndani ya shavu
taratibu, jino hadi jino,
kama anayehesabu waliobaki.

Mwishoni Urho anamwimbia ndugu yake.
Mstari mmoja. Sauti inakatika kama uzi,
anaufungua mdomo kwa mstari wa pili
na picha inazimwa hapo hapo.
Wengine wanaapa kwamba waliusikia.

Oiva alitoka wa mwisho.
"Mbaya," alisema. "Mbaya kabisa."
Akasimama kwenye theluji, kofia mkononi, nywele zikijaa nyeupe juu ya nyeupe.
"Inakwenda wapi baada ya hapa?"
"Oulu. Jumanne, saa moja jioni.
Ni mbali, Oiva, na barabara imeganda."
"Sikukuuliza habari za barabara."