Aliyeokotwa Ngazini

Karani wa dirisha la nne aliuliza:
"Naiden. Hili ni la kabila gani?"
Nikasema ni la kwao mama mkwe wangu, Bi Raina,
aliyemfuata daktari wake wa mifugo kutoka Bulgaria
mwaka wa sabini na nne, na begi moja na sufuria ya shaba,
akakaa Ngara mpaka Kiswahili chake kikaota meno.
Hakutaka zaidi. Akagonga muhuri.

Wewe nitakueleza.

Wawili walishatangulia. Wa kwanza siku tisa.
Wa pili hata jina hatukuwahi.
Mimba ya tatu ilipoingia mwezi wa nane
neno "mtoto" halikutajwa nyumbani;
tulisema "ile kazi ya Aprili."

Kwao milimani, alisimulia, enzi za wafalme waliosahaulika,
kifo kilitembea na orodha.
Basi mama mkwe aliiba kichanga kabla ya jogoo,
akakiacha njia panda,
akajibanza nyuma ya ua.
Mpita njia wa kwanza akakiinua,
na jina likatoka hapo hapo:
Naiden. Aliyeokotwa.
Kifo kikija kuuliza, huyu wa nani?
Si wa mtu. Tumemkuta tu.

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.
Mimi ni Awiti.
Nyanya aliniweka jaani, juu ya majivu yaliyopoa,
jirani akaninunua kwa senti hamsini.
Awiti: aliyetupwa.
Kamba ni moja. Wao wameshika ncha ile,
sisi hii.

Njia panda za Ngara zina malori.
Tukamweka ngazini, ghorofa ya tatu,
ndani ya karai la kufulia,
saa kumi na moja na robo,
mimi na Bi Raina nyuma ya mlango
tumeshikana mikono kama wezi.

Akapanda Nzioka wa maziwa.
Madumu yakatua. Kimya.
"Huyu wa nani?"
Swali lile lile. Hatukujibu.
"Haya. Basi ni wangu,"
akagonga kwa kiwiko, mikono imejaa.

Sasa ana miaka sita, pengo mbele.
Jumamosi Nzioka hutupimia nusu kikombe cha ziada
na haandiki daftarini.

Nami nikimwita kutoka uani,
hulitamka jina lote, kwa sauti,
lisikike hata na yule
ambaye sikumwita.