Noti Yenye Jeraha

Nilipanda Kadutu na noti moja ya dola ishirini
kutafuta mashine ya bisi, ile nyekundu
Nabintu aliyoiona kwa jirani
akaniimbia wiki nzima.

Muuzaji akaichomeka. Ikavuma, ikapuliza,
punje tatu zikaruka hadi kwenye ndala zangu.
Tukapatana bei. Kisha akainua noti juani:
"Imepasuka hapa, baba. Hii siipokei."
Mpasuko wenyewe, mdogo kama kope.

Mvua ikashuka. Nikajibanza kwa Mugaruka wa santuri,
masanduku ya rumba, majalada yaliyoguguniwa na mende,
mwimbaji mmoja amebakiwa na tai na meno.
Akaikunja noti yangu bila kuitazama.
"Hata zangu zina mikwaruzo."

Umeme ulirudi saa nne usiku.
Nabintu alikuwa akichambua maharage,
amenipa mgongo tangu nirudi na bahasha bapa.
Nikashusha sindano.

Kabla ya gitaa, kabla ya sauti ya mtu,
santuri ikaanza: pa. Papa. Pa.

Akageuka.
"Kumbe uliinunua?"

Nikanyamaza.
Alikuwa tayari ameshika chumvi.