Bei ya Herufi

Natoza pauni tatu na nusu kwa kila herufi,
nukta na mkato bure,
kwa hiyo wateja wangu wengi hapa Allendale
huomboleza kwa ufupi.

Bi. Enid Dodd alikuja Jumanne, theluji mabegani,
bintiye Maureen nyuma yake akipangusa miwani.
Jina la marehemu, miaka, hayo hayakuwa na ubishi.
Kilibaki kipande cha mwisho:
mume na baba, halafu sifa.
Moja tu.

Maureen alitaka "kind".
Herufi nne, halimchoshi msomaji,
na nusu ya makaburi ya bondeni wanalo.
"Kind?" mama akauliza,
kama aliyetajiwa mtu asiyemfahamu.
"Baba yako hakuwahi kumwazima jirani hata spana.
Alikuwa gentle. Hicho ni kitu kingine."

Nikaweka patasi chini.

Kind, akasema, ni mkono unaotoa.
Gentle ni mkono unaoshika bila kuumiza:
kondoo aliyekwama kuzaa saa nane za usiku,
yai, balbu ya taa,
shingo yangu mimi.
Mtu aweza kushika hivyo maisha yake yote
na asitoe kitu.

Maureen akageukia dirisha.
Yeye, nadhani, alikuwa upande ule mwingine wa neno,
upande wa kungoja kupewa.

Tukajaribu mengine, kama mtu ajaribuvyo viatu.
"Good" lilikuwa pana, mguu ukicheza ndani.
"Tender" likabana: hilo ni la nyama ya Jumapili, alisema mama.
"Patient"? Nani, Cuthbert?
Wakacheka wote wawili kwa mara ya kwanza,
nami kwa kufurahi nikamwaga chai juu ya daftari la oda.

"Basi andika silent," akasema binti,
na kicheko kilikuwa hakijamtoka vizuri.

Bi. Enid akatazama mawe yangu yaliyoegemezwa ukutani,
saba, hayajapata majina.
"Silent ni hayo.
Baba yako alikuwa quiet.
Ukimya wake ulikuwa unasikika, Maureen.
Kijiko kikizunguka kikombeni. Kiti.
Mbwa akihema miguuni pake.
Ukiingia gizani ulijua chumba kina mtu."

Binti hakujibu. Alivua miwani tena,
akaipangusa, ingawa ilikuwa safi.
Kisha akasema, "Herufi tano,"
akafungua pochi.

Sikuwaambia kuwa Q ni herufi ya hatari:
mkia wake hupenda kulipasua jiwe la mchanga,
na jiwe likipasuka hasara ni yangu.

Ijumaa nilianza na Q.
Nilipofika mkiani
nikazima redio.